Baba Yenu Amewasha

Juzi nilikuwa Nairobi kufuatilia pensheni yangu, na mambo ya pensheni, kama unavyoyajua wewe uliyestaafu kabla yangu, ni njoo kesho, njoo kesho. Nilitoka kwenye ofisi zao jioni miguu imenivimba, nikaketi kwenye ukingo wa maua kando ya barabara nimsubiri mpwa wangu aje anichukue. Nilipoinua macho nikaliona lile jumba. Nilikuwa nimelikwepa miaka arobaini. Nikija mjini hupita barabara nyingine, hata kama ni kuzunguka na mzigo mkononi.

Wamelivalisha taa mpya. Siku hizi linabadilika rangi, mara buluu, mara kijani, mara zambarau, na rangi zenyewe zinapanda na kushuka ukutani bila kutulia. Vijana walikuwa wamejipanga ng'ambo wakilipiga picha kwa simu. Nikamuuliza askari wa mlangoni ni nani anayeziwasha. Alinijibu kwa heshima kwamba hakuna mtu anawasha, shosho, ni kompyuta, inajua saa yake. Nikamshukuru, nikarudi pale kwenye maua, nikalia, mtu mzima na mkoba mapajani. Mpwa wangu alipofika alidhani nimeibiwa. Sikumweleza. Nakueleza wewe, kwa sababu tumejuana siku nyingi na hutanikatiza.

Kwetu ni Mbooni, kule juu ambako njia zinapanda mpaka mbuzi wanapumzika katikati. Wanaotuonea wivu husema sisi wa milimani hatujui jua la Ukambani, na kweli asubuhi za mwezi wa saba tulikuwa tukienda shule tumejifunga mashuka ya mama zetu. Tulikuwa na mahindi, maharagwe, miparachichi, na matunda damu yaliyotupasua midomo kwa kuyala mabichi. Nyumbani tulikuwa watu wanne: nyanya aliyemzaa baba, mama, ndugu yangu mdogo na mimi. Baba alikuwa Nairobi. Karibu kila boma la mlima ule lilikuwa na mtu wake Nairobi au Mombasa, na akina mama ndio waliochimba mitaro, wakajenga, wakazika. Baba alikuja Krismasi, Pasaka na mwezi wa nane, akakaa siku chache, akaondoka kabla hatujamzoea.

Kazi yake ilikuwa taa. Aliajiriwa na mwenye kandarasi aliyetunza umeme wa jumba moja refu la katikati ya mji, ghorofa ishirini na moja. Akija nyumbani tulimzunguka baada ya chakula atusimulie lile jumba. Alilichora ardhini kwa kijiti, akilifuta na kulichora upya mpaka nyanya alipoelewa. Mchoraji wa ramani, alisema baba, aliweka mbavu za zege kwa nje kutoka chini hadi juu, ili jua la alasiri lisiwachome walio ndani. Kisha nyuma ya kila ubavu, ghorofa kwa ghorofa, akaficha taa. Mchana unaona zege. Giza likiingia zege linapotea, zinabaki taa peke yake, zimesimama, na jumba linaonekana refu kuliko lilivyo. Na yale madirisha ya wanaochelewa kazini, mengine yana mwanga na mengine hayana, jumba lilikuwa kama gunzi la mahindi lililoliwa nusu likaachwa.

Nyanya aliuliza maswali yake. Ni nani anayepandisha maji huko juu? Mtu akifia ghorofa ya mwisho anateremshwa vipi? Baba alijibu yote kwa subira. Lililotupendeza sisi watoto ni jinsi alivyowasha. Kulikuwa na chumba chini kabisa ya jumba, chenye ubao wa swichi ukutani. Saa moja kamili jioni alisimama mbele ya ubao ule, akaanza na ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akipanda moja moja, ili watu wa barabarani wainue macho polepole. Angeweza kuziwasha zote kwa mkupuo, lakini alisema huo ni uvivu. Ya mwisho ilikuwa taa nyekundu ya kwenye paa, ya kuonya ndege. Hiyo, alituambia, aliwasha kwa ajili yetu, kwa sababu ndiyo iliyo juu kiasi cha kutuona.

Sasa nyuma ya zizi letu la mbuzi palikuwa na jiwe kubwa linalotazama magharibi. Ukisimama pale giza likishaingia, unaona nyuma ya vilima vya upande wa Machakos weupe kidogo angani, kama majivu. Ndiyo Nairobi. Kila jioni, saa moja, tulitoka. Mama aliacha sufuria ya isyo jikoni, mahindi na maharagwe yakiendelea kutokota, nyanya akashika mkono wa ndugu yangu, tukapanda jiweni. Hatukuwa na saa ya mkononi. Tulitumia redio ya jirani, taarifa ya habari ikianza tulijua. Tulisubiri mpaka weupe uonekane, kisha nyanya alisema, "Baba yenu amewasha." Akatema mate kidogo hewani upande ule, baraka ya wazee wa kwetu, akamwambia mwanawe kwamba tumemwona, alale salama. Tukarudi kula.

Ndugu yangu aliapa kwamba anaiona hata ile taa nyekundu. Na mimi nikaapa, nisije nikaonekana kipofu.

Mlima mzima ulijua habari hiyo. Watu walimwita baba Mwenye Taa, na nadhani wengi waliamini kabisa kwamba ni yeye anayewasha Nairobi yote. Jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno, alikuwa akimwambia mama amwombe mumewe aelekeze taa moja upande wake kwa sababu mafuta ya koroboi yamemwishia. Mume wa jirani huyo naye alifanya kazi Nairobi, na ndiye aliyetuletea barua za baba kila mwisho wa mwezi na kupeleka zetu. Hatukuwa na sanduku la posta. Mkono wa mtu ulitosha.

Hata mchungaji alipowaombea walio mbali alimtaja anayeangazia mji. Nilikuwa nikiketi pale kanisani nimenyoosha shingo. Shuleni walioninyima kalamu walinirudia siku ileile, maana nani angependa kugombana na binti wa Mwenye Taa? Nilijivuna, sikufichi. Nilijivuna kupita kiasi.

Nikiwa darasa la sita mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha umeme. Alikuwa mtu mpole, koti moja mwaka mzima. Alileta tochi yake, akaifungua mezani, akatoa mawe, balbu na kipande cha waya, akatuita mmoja mmoja tuunganishe. Balbu ikawaka kwa kila mtu, hata kwa yule kijana aliyekuwa akirudia darasa mara ya tatu. Mwalimu akasema taa haimjui aliyeiwasha. Kisha, bila ubaya wowote, akaeleza kwamba ule weupe tunaouona upande wa Nairobi ni wa maelfu ya taa za barabara, viwanda na majumba, na kwamba nyingi zimetegwa zijiwashe zenyewe. Jumba moja likizimika, alisema, sisi wa Mbooni hatuwezi kujua. Alinitazama kidogo, akageukia ubao. Ukiona vyaelea vimeundwa, akaandika, tunakili.

Nilifika nyumbani nimeamua kusema. Jioni ikafika, redio ya jirani ikalia, tukapanda jiweni. Nyanya akasema yale maneno yake, akatema mate yake, na uso wake ukalegea namna ulivyolegea wakati huo tu wa siku. Nikameza. Nikajiambia haimdhuru mtu.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa. Hata sisi wa milimani, tuliozoea kuwagawia watu wa chini, tulikaukiwa. Ndio mwaka wa mahindi ya manjano yaliyoletwa na meli, ugali wake una harufu ya gunia, na wa ile njaa ambayo Wakamba waliipa jina la mtu anayekufa na pesa mkononi, kwa sababu ulikuwa na shilingi na hapakuwa na cha kununua. Tuliamka alfajiri kwenda kisimani, tukarudi na debe nusu mgongoni, mkanda umetukata paji la uso. Mume wa jirani akahamishwa kazi, akapelekwa kituo cha petroli huko Mtito Andei. Barua zikakoma. Hatukushangaa, tulijua sababu.

Pasaka baba hakuja. Mama alisema amekosa nauli. Mwezi wa tano ukaanza na bado kimya, na mama akaanza kukosa usingizi. Nilimsikia akigeuka geuka kitandani. Jioni moja, tumekaa jikoni tukichagua mawe kwenye yale mahindi ya manjano, alisema anataka kuuza mbuzi mmoja aende Nairobi akamtafute. Nyanya alikataa. Hakukataa kwa ukali. Alisema mbuzi waliobaki ni watatu, na mtoto anahitaji maziwa, na isitoshe baba hajapotea, tunamwona kila jioni.

"Mtu mgonjwa hawashi taa," alisema. "Mtu aliyekufa hawashi taa."

Mama aliendelea kuchagua. Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na ndani ya nyumba ile ndimi peke yangu niliyejua kusoma hadi mwisho wa kitabu.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Unaonaje? Mtu mwingine anaweza kuziwasha?"

Nimeifikiria dakika ile kila mwaka wa maisha yangu. Somo la mwalimu lilikuwa mdomoni mwangu, zima, na tochi yake na waya wake. Nyanya alikuwa akinitazama. Lakini nisimsingizie nyanya. Niliogopa kwamba nikisema mkono wa mtu mwingine unaweza kuwasha, itabidi tuulize mkono wa baba uko wapi. Na niliogopa pia kuacha kuwa binti wa Mwenye Taa. Mambo hayo mawili, na siwezi kukuambia lipi lilikuwa zito zaidi.

"Ni yeye, mama," nikasema. "Anawasha yeye."

Mama akashusha pumzi. Alinishukuru. Mbuzi hakuuzwa.

Tuliendelea kupanda jiweni mwezi wa tano wote, wa sita, wa saba. Vumbi la ukame lilikuwa limejaa hewani na ule weupe ulionekana mpana zaidi, na nyanya akasema kwamba mwanawe anatuwashia kwa nguvu kwa kuwa anajua tuna shida.

Mwezi wa nane baba asipokuja, mama hakumuuliza mtu. Aliuza mbuzi alfajiri, akanichukua mimi nimsomee vibao, tukapanda basi. Tulifika Nairobi mchana, tukauliza njia mpaka tukalipata jumba. Baba hakuwa ametudanganya hata kidogo. Mbavu zilikuwa pale, zege la kijivu, zimepanda mpaka shingo ikauma. Askari wa mlangoni alituambia tungoje fundi wa taa, anaingia saa kumi na moja. Mama akanitazama akitabasamu, akajifunga leso upya, akatema mate kitambaani anipanguse vumbi usoni.

Aliyekuja hakuwa baba. Alikuwa mtu mfupi wa magharibi ya nchi, ana bisibisi kwenye mfuko wa shati. Askari alipomwambia sisi ni nani, alisimama pale kwenye ngazi kitambo kabla ya kutufikia. Akatupeleka kwenye kile chumba cha chini, akampa mama kiti kimoja kilichokuwapo, yeye akabaki wima. Akatueleza. Baba alianza kukohoa mwezi wa nne. Mwisho wa mwezi akalazwa, na yeye mwenzake akawa anakwenda kumwona kila Jumapili. Alimwomba ruhusa alete habari nyumbani, baba akakataa, akisema kule kuna njaa, mama yake ni mzee, na akitoka hospitali atakwenda mwenyewe. Alifariki mwanzoni mwa mwezi wa saba. Mwenzake alikuwa ameenda kwao kumzika shemeji yake, na aliporudi akaambiwa siku zimepita, hakuna mtu aliyekuja kumchukua, jiji limemzika pamoja na wengine wasio na watu. Yule mwenye kandarasi hakuwa na anwani yoyote.

"Mimi nilijua tu Mbooni," alisema. "Na Mbooni ni kubwa, mama."

Mama aliuliza jambo moja tu. Aliuliza kama taa ziliwahi kukosa kuwashwa.

Yule mtu alianza kulia. "Hapana, hata siku moja," alisema. "Aliniapisha. Kila Jumapili ananiuliza, umewasha saa moja? Umepanda moja moja? Alisema huko nyumbani wanaangalia, wasione giza waingiwe na wasiwasi. Akishapita, nikafikiria niache siku moja, labda mtaona giza mje. Nikashindwa, kwa sababu ya kile kiapo."

Hata angeacha, tusingeona. Hilo nililijua mimi peke yangu mle chumbani. Na nilikuwa nikihesabu. Tangu ile jioni ya mahindi ya manjano mpaka siku aliyokufa zilikuwa wiki saba. Wiki saba alilala akiuliza habari za taa, na basi la Nairobi lilikuwa likiondoka sokoni kwetu kila asubuhi.

Saa moja ilipokaribia, yule fundi alimuuliza mama kama angependa kuwasha. Nilidhani atakataa. Alisimama, akaenda mbele ya ubao, akaonyeshwa swichi ya kwanza. Akapanda moja moja, akizihesabu kwa Kikamba kwa sauti ndogo, mpaka ishirini na moja, kisha ile nyekundu. Hatukutoka nje kutazama. Tulilala kwa mke wa yule fundi, watu wema ambao sikuwaona tena.

Tulifika nyumbani kesho yake alasiri. Nyanya alikuwa ametuona tangu bondeni, akaja kutulaki nusu njia na fimbo yake.

"Jana aliwasha vizuri sana," akasema. "Mlimkuta?"

Mama aliketi chini palepale njiani. Hapo ndipo nyanya alipojua.

Matanga yalikuwa bila maiti na bila kaburi. Watu wa kanisa walikuja na kile walichokuwa nacho, ambacho mwaka ule kilikuwa maji ya chai na nyimbo. Walisema mficha maradhi kifo humuumbua, wakasikitika, wakamlaumu marehemu kwa upole kwamba alijifanya chuma. Nilikuwa nikipitisha vikombe, nikawasikiliza wakimlaumu baba. Mtu mmoja hakuwapo kwenye lawama zao. Jioni ya kwanza baada ya wageni kuondoka, redio ya jirani ilipolia, nyanya aliinuka kwa mazoea akafika mlangoni, akasimama hapo ameshika mwimo, kisha akarudi akaketi. Hakupanda jiweni tena. Alituacha baada ya miaka miwili.

Vimekwisha vyote. Lile jiwe walilipasua kokoto wakati wa kujenga zahanati. Ndugu yangu anaishi ng'ambo, na nilipompigia simu kumweleza habari za taa za rangi, alisema hakumbuki taa nyekundu wala kuapa. Mahali alipolala baba tulipatafuta mara mbili, mama na mimi, katika makaburi ya jiji yasiyo na majina, na mara zote mbili tuliweka maua pasipo mtu wa kutuambia ni hapa.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amezeeka nami nyumba moja. Nilimweleza mama ukweli wa ile tochi nilipokuwa chuo cha ualimu, nikiwa nimepiga magoti jikoni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniinua, akasema nilikuwa mtoto, akanipakulia chakula, na hakulitaja jambo lile tena kwa muda wa miaka ishirini na miwili aliyoishi baadaye. Alinipenda, alilea wanangu, aliniombea kila nilipoondoka. Lakini tangu siku ile, iwe ni shamba, au dawa, au ndugu yangu anataka kuoa, mama alikwenda kuuliza kwa jirani.